Keki ya Mama Mdogo, Juu ya Makaa

Katika familia yetu keki ya chokoleti ina tabaka tatu, na sababu yake si urembo. Tabaka moja ni nyembamba, na kitu chembamba huwahi kuiva ndani kabla moto wa makaa haujakiunguza nje. Keki nene inataka oveni yenye joto lisiloyumba kwa saa nzima. Makaa hayana ahadi hiyo. Huanza kwa ukali, hutulia, kisha hufifia, na anayeoka juu yake ana kipindi kifupi tu cha moto mzuri. Chochote anachooka lazima kiingie na kutoka ndani ya kipindi hicho. Vitabu vingi vya mapishi husifu tabaka kwa sababu ya sura yake mezani, na kwa mwenye oveni hilo linatosha. Kwetu Hai Malakal tabaka ni jibu la swali la moto, na ndiyo maana sura hii itakaa jikoni, au kwa usahihi zaidi uani, kwa muda mrefu kuliko itakavyokaa mezani.

Hai Malakal ni mtaa wa Juba ulioitwa kwa jina la mji wa Malakal, ule ulioko kaskazini kwenye Nile Nyeupe, karibu na pale Mto Sobat unapoingia. Ni mtaa wa nyumba zilizobanana, maduka, hoteli ndogo, na makaburi ya zamani ambamo familia zilizokosa pa kwenda zimejenga vibanda kati ya misalaba. Ukisimama barabarani utasikia Kiarabu cha Juba kwanza, kisha Kidinka, Kinuer, Kibari, na katikati yake Kiswahili: cha madereva kutoka Kenya, cha wafanyabiashara kutoka Uganda na Kongo, na cha sisi tuliokulia ukimbizini tukarudi nacho. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, lakini Kiswahili cha jikoni kwetu kilitangulia mkataba huo kwa miaka mingi, na keki ilikuja pamoja nacho.

Kabla ya keki hii, utamu wa sikukuu ulikuwa wa Kisudani: kahk na ghuraiba, vile vibiskuti vikavu vinavyomumunyika, vinavyopangwa kwenye sinia kubwa na kupelekwa kwa mwokaji wa mtaa mwenye tanuri. Bado tunavipenda, na Krismasi bila kahk haijafika. Lakini keki ya kukatwa, yenye krimu katikati, ambayo bibi arusi hulishwa mbele ya watu, hiyo familia yetu iliikuta Nairobi.

Mama mdogo aliishi Nairobi miaka ya 1990. Vita vya Sudan vilivyoanza 1983 vilikuwa vimewatawanya watu wa kusini hadi Khartoum, Kampala, Adjumani, na Kakuma, kambi iliyofunguliwa 1992 katika ukame wa Turkana. Yeye alipata chumba Kawangware. Mwenye nyumba alikuwa mama mjane aliyeoka keki za harusi na za kipaimara kwa oda, zote juu ya jiko la bati lenye udongo ndani, lile ambalo mafundi wa Kenya walianza kulitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1980 na ambalo linakula makaa kidogo kuliko jiko la bati tupu. Mama mdogo alianza kwa kumchotea maji, akaendelea kwa kumpigia mayai, mwisho akawa msaidizi wake. Alipoondoka, alikuwa na daftari la shule lenye kurasa kadhaa za vipimo.

Vipimo vyenyewe, kama vilivyokuwa Nairobi, ni hivi; nimevigeuza kutoka vikombe na mikebe. Unga wa ngano gramu 250, sukari gramu 350, unga wa kakao gramu 75, na chumvi kidogo. Mayai mawili. Maziwa yaliyoganda mililita 240, mafuta ya kupikia mililita 120, na maji ya moto mililita 240, ambayo mahali pake leo tunatia kahawa. Magadi soda kijiko kimoja cha chai kilichofutwa juu, na bekingi pauda kijiko kimoja. Rojo yake ni nyepesi kiasi cha kumtia wasiwasi mtu aliyezoea keki ya kusaga siagi na sukari. Inamiminika kama uji wa mgonjwa, na ndivyo inavyotakiwa.

Mafuta yametumiwa mahali pa siagi kwa sababu nzuri. Siagi hupigwa na sukari ili ishike hewa, na huweza kuishika tu ikiwa laini bila kuyeyuka. Mwezi wa Machi Juba, joto la mchana huweza kupita nyuzi 38, na siagi hukaa kwenye bakuli ikiwa maji. Mafuta hayajali. Tena keki ya mafuta hubaki laini siku ya pili na ya tatu, jambo lenye maana katika nyumba isiyo na friji.

Baada ya mkataba wa amani kutiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005, mama mdogo alirudi. Alioka keki ileile, kwa daftari lilelile, na keki ikatoka fupi na nzito. Aliushuku unga, kisha akaushuku mkebe wa magadi. Ukweli ni kwamba alikuwa ameshuka mlima. Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Juba takriban mita 550. Kule juu hewa inakandamiza kidogo zaidi tu ya robo tatu ya inavyokandamiza pwani, kwa hiyo gesi inayotoka kwenye magadi hutanuka kwa urahisi na keki hupanda haraka. Ukitia magadi mengi hupanda kupita kiasi, kisha hubonyea katikati. Maji nayo huchemka kwa nyuzi kama 94 Nairobi, kwa nyuzi kama 98 Juba. Yule mama wa Kawangware alikuwa amepunguza magadi kwa uzoefu wa miaka, bila kuandika kwamba amepunguza. Juba kipimo chake kilikuwa haba. Mama mdogo alipandisha hadi kijiko kimoja na nusu, akapunguza mafuta kidogo, na keki ikasimama. Mimi nilikuja kumpa maelezo ya hewa na mwinuko baadaye sana, na yeye alinisikiliza kwa upole wa mtu aliyekwisha kuitatua shida.

Kuhusu magadi kuna jambo jingine la kuangalia, nalo ni kopo la kakao. Kakao ya kawaida ina uchachu, na uchachu huo, pamoja na ule wa maziwa yaliyoganda, ndio unaoyaamsha magadi yatoe gesi. Lakini kuna kakao iliyotiwa alkali ili iwe nyeusi zaidi na isiwe kali, mbinu iliyotoka kwa familia ya van Houten ya Uholanzi, hao hao ambao mwaka 1828 walipata hataza ya mashine ya kukamua mafuta ya kakao na kutuachia unga. Kakao hiyo haina uchachu wa kutosha. Ukiitumia, punguza magadi, ongeza bekingi pauda, ambayo ina asidi yake ndani. Bekingi pauda yenyewe tunaweza kumshukuru Alfred Bird, mkemia wa Birmingham, aliyeibuni mwaka 1843 kwa ajili ya mke wake, ambaye tumbo lake lilikataa hamira. Sijui mchango mwingine wa kemia uliofika katika majiko ya makaa ya dunia kwa wingi kama huo.

Maziwa tunayotumia sasa ni rob, maziwa mgando yanayouzwa kwenye chupa na vibuyu, mengine yakitoka kwa wafugaji wa Mundari wa upande wa Terekeka. Yakikosekana, maziwa ya unga yaliyokorogwa na kukamuliwa ndimu yanatosha. Kahawa tunainunua kwa mama wa chai pembeni ya barabara, iliyochemshwa na tangawizi kama inavyopendwa Juba, na hapo keki yetu imeachana kabisa na ile ya Kawangware. Kule kwenye daftari la kwanza palikuwa na maji ya moto tu. Kimiminika cha moto huyeyusha mafuta yaliyobaki kwenye unga wa kakao na kuifungua harufu. Kahawa hufanya hivyo na kuongeza uchungu ulio jamaa na uchungu wa kakao. Tangawizi haisikiki kama tangawizi. Mgeni husema tu kwamba keki hii ina joto fulani kooni. Nchi hii inalima kahawa, Yei hasa, na mwaka 2015 kahawa ya Yei ilifika hadi kuuzwa Ufaransa na Nespresso kabla vita havijaikatiza biashara hiyo. Naamini keki ya harusi ya Sudan Kusini inastahili kahawa ya Sudan Kusini kila inapopatikana.

Vingine vyote hupita Nimule, mji wa mpakani. Unga, sukari, mayai kwenye trei za 30, mafuta, hata karatasi ya kuoka: vinapanda malori upande wa Uganda, vinavuka mpaka Elegu, na kuja Juba kwa barabara ya kilomita 192 iliyowekwa lami mwaka 2012. Barabara hiyo ndiyo mshipa wa keki. Mwaka 2021, madereva walipogoma pale Elegu baada ya wenzao kuuawa njiani, masoko ya Juba yaliumia. Na pauni yetu ni hadithi nyingine: Desemba 2015 thamani yake iliachwa ianguke kutoka pauni zisizofika 3 kwa dola hadi zaidi ya 18, na tangu hapo imeendelea kushuka hadi tunahesabu kwa maelfu. Anayeoka kwa oda Juba hatoi bei ya wiki ijayo. Anapokea malipo ya awali na siku hiyohiyo anakwenda soko la Konyo Konyo kununua vitu.

Kakao ndiyo inayoniuma. Inalimwa Bundibugyo, magharibi mwa Uganda, na ng'ambo ya pili ya mpaka upande wa Beni na Ituri, Kongo, mahali ambapo si mbali na sisi kwa kipimo cha bara hili. Lakini punje zake huuzwa nje zikiwa kavu, na kopo linalofika Hai Malakal limesagwa nchi nyingine na kuzunguka bahari. Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilivuka dola 10,000 kwa tani, na sisi tulioko jirani na miti yake tulilipa sawa na walioko London. Natamani kuona siku ambayo kiwanda cha Uganda kitatuuzia unga wa kakao ya Bundibugyo kupitia barabara hiyohiyo ya Nimule.

Sasa moto.

Daftari la kwanza halikuwa na neno hata moja kuhusu moto. Halikuhitaji, kwani mama mdogo alikuwa amesimama kando ya jiko la mwenye nyumba wake kwa miaka, na mikono yake ilijua. Julai 2016 mapigano yalipozuka Juba, aliondoka na watoto na nguo walizovaa. Daftari lilibaki, na halikuonekana tena. Alifika Bidi Bidi, wilaya ya Yumbe nchini Uganda, makazi yaliyofunguliwa Agosti mwaka huo na kujaa haraka hadi kuwa miongoni mwa makubwa kabisa ya wakimbizi duniani. Huko aliandika daftari la pili kwa kumbukumbu, na aliliandika kwa sababu wanawake majirani walimwomba awafundishe. Daftari hilo ninalo. Vipimo vimeandikwa kwa mistari michache, "mafuta kiasi", "maziwa mpaka ilegee", lakini moto umechukua kurasa nzima. Aliokuwa akiwafundisha walikuwa na mafiga matatu na sufuria ya kugawiwa. Unga waliweza kuukisia. Moto ndio ungeharibu unga wa thamani ambao pengine wasingeupata tena mwezi huo, kwa hiyo ndio alioueleza.

Anaanza na makaa yenyewe. Anataka ya mti mgumu, vipande vizito vinavyolia kama kigae vikigongana, kwa sababu makaa mepesi huwaka kwa fujo na kuisha. Mimi naongeza sharti langu: siyanunui ya mti wa lulu, yaani shea, nikiujua. Mti huo unawapa wanawake wa nchi hii mafuta ya kula na ya kupaka, unachukua miaka mingi kuzaa, na kuukata kwa ajili ya gunia la makaa ni hasara isiyolipika.

Washa majiko mawili. La kwanza ni la kuokea, la pili ni la kulea makaa mapya, kwani tabaka ni tatu na sufuria ni moja. Subiri miali na moshi viishe na kila kipande kivae jivu jeupe. Makaa yenye moshi huipa keki harufu isiyotoka. Weka sufuria kubwa yenye mchanga kiasi cha vidole viwili. Mchanga uwe umekauka kabisa, la sivyo utatoa mvuke na kuipika keki badala ya kuioka. Kazi ya mchanga ni kupunguza hasira ya makaa: unapokea joto polepole, unalisambaza, unaendelea kulitoa hata makaa yakififia. Funika, acha vipate joto pamoja.

Kisha pima kwa karatasi. Weka kipande cha karatasi nyeupe juu ya mchanga, funika, nenda kamimine rojo kwenye kibati. Ukirudi ukakuta karatasi imekuwa rangi ya chai ya maziwa, ingiza keki. Ikiwa ya kahawia iliyokolea, toa makaa. Ikiwa bado nyeupe, hakuna moto hapo.

Baada ya hapo makaa mengi huhamia juu ya mfuniko na machache hubaki chini. Hili wanafunzi wake wa Bidi Bidi walilipinga, anasema, kwa sababu mpishi wa kila siku anajua moto ni wa chini. Lakini joto la chini linafika kwenye kibati moja kwa moja kupitia chuma na mchanga, ilhali uso wa juu wa keki unapashwa na hewa na mng'ao wa mfuniko tu. Bila makaa ya juu utapata kitako cheusi na uso mbichi.

Rojo nayo ina haraka zake. Magadi huanza kutoa gesi mara tu yanapokutana na maziwa yaliyochacha, na rojo inayosubiri zamu ya tatu itakuwa imepoteza nguvu. Kwa hiyo mama mdogo hagawi rojo mara tatu. Hugawa vitu vikavu mara tatu kwenye bakuli tatu, na vya majimaji mara tatu, halafu huchanganya kila tabaka dakika ileile inapoingia motoni, na kahawa yake huipasha tena kila mara. Sijaona kitabu chochote kinachoeleza hili, maana waandishi wake wana oveni inayochukua vibati vitatu kwa pamoja.

Tabaka moja huchukua dakika 20 hadi 25. Mara ya kwanza nilipoachiwa kulinda sufuria, nilimwuliza, "Mama, nifunue kidogo nione?"

"Usifunue, mwanangu. Itakuita yenyewe."

"Itaniitaje?"

"Utasikia harufu. Ikianza kunukia mpaka pale mlangoni, osha sufuria moja, taratibu, ndipo ufunue."

Harufu kutoka nje ya sufuria maana yake ni kwamba uso wa keki umeanza kupata rangi, na muda wa kuosha sufuria ni muda wa katikati kukamilika. Njiti safi ya ufagio ikichomwa katikati itoke bila rojo. Ukifunua mapema, hewa ya moto inatoroka yote, na mapovu ambayo bado hayajagandishwa na yai na wanga hunywea.

Krimu ya siagi na sukari laini ni ya miji ya baridi. Mafuta ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi kama 34, siagi hivyohivyo, na Machi 2024 serikali ilizifunga shule za nchi nzima kwa sababu ya joto; katika siku kama zile keki iliyopakwa siagi humwaga mavazi yake mbele ya wageni. Sisi tunapaka sosi nzito ya kupikwa. Sukari gramu 200, kakao gramu 60, na kijiko kikubwa kimoja cha wanga wa mahindi huchanganywa vikiwa vikavu, kisha maziwa mililita 150 huongezwa polepole. Chemsha kwa moto mdogo ukikoroga hadi ishike mwiko, epua, tia vijiko vinne vya margarini. Wanga ulioiva hauyeyuki kwa jua, na ndiyo siri nzima. Paka ikiwa vuguvugu.

Mdogo wangu ana oveni ya umeme. Tangu mtambo mpya wa umeme wa Juba uwashwe mwaka 2019, baadhi ya nyumba zina umeme wa kulipia kabla, wa bei ghali lakini upo, na yeye huoka tabaka zote tatu mara moja kwa nyuzi 175. Nitasema kweli: tabaka zake zimenyooka kuliko zetu, na anayesema makaa huipa keki ladha bora sikubaliani naye, kwani makaa yakitumiwa sawasawa hayaachi ladha yoyote. Mama mdogo alizionja, akazigeuza kuangalia kitako, akaagiza nyuzi hizo ziandikwe kwenye daftari, chini ya kurasa za moto, wala kurasa za moto zisifutwe.

Kwa harusi hatusafirishi keki iliyokwisha kupangwa. Raksha, yaani bajaji, ikiingia mashimo ya mtaani, tabaka huteleza juu ya sosi na hakuna wa kuzirudisha. Kila tabaka huenda ndani ya kibati chake, sosi kwenye sufuria yake iliyofungwa kitambaa, na mfukoni vijiti vya mishikaki, vitatu, vya kuzipigilia tabaka zikishapangwa. Tukifika tunaomba meza iliyo kivulini, maji ya kunawa, na mtu wa kuwazuia watoto, na kazi yote iwe imekwisha kabla maharusi hawajashuka garini.